Ukuta Ulioona Nje ya Ukuta

Siku ya tatu baada ya Mwalimu Osia Simbeye kukamatwa, niligundua kwamba ukuta wangu ulikuwa unaona nuru mahali ambapo wenyewe haupo.

Mimi simwamini mtu upesi, na mashine siziamini kabisa. Nadhani ndiyo sababu Idara ya Malango ilinipa kazi ya kuzichunga. Naitwa Subilaga Mwaipopo, mhandisi wa vipimo vya muda katika Kituo cha Itende Juu, kituo cha mwisho cha reli kabla ya mpaka. Kila abiria anayeteremka hapa hukaa dakika mbili kwenye benchi la viti saba, mgongo ukielekea ukuta wa nyuzi. Haguswi mtu, halifunguliwi begi. Ukuta ukihisi nyutroni, taa nyekundu huwaka na kulia juu ya kiti kimoja. Wengine huamriwa watoke haraka kwa usalama wao, na yule mmoja hubaki na sheria.

Sheria yenyewe ni fupi. Kila kitu kinachotoa nyutroni, kiwe cha mgodini, hospitalini au shuleni, ni mali ya Idara, na atakayekutwa nacho miaka yake ni kumi na miwili. Ushahidi wa ukuta unatosha. Mahakama zilichoka kuwasikiliza wanadamu wakisema uongo, zikaamua kuusikiliza ukuta.

Mwalimu Osia alipekuliwa hadi soksi na hakukutwa na kitu. Haikumsaidia. Mkuu wa kituo, Bwana Fulgence Mapunda, aliandika kwamba mtuhumiwa alimpasia mwenzake kitu hicho katika purukushani ya kutoka, na gari la kumpeleka makao makuu likapangiwa siku ya nne saa sita mchana.

Sasa nilikuwa nimekaa mbele ya skrini, chai imepoa, naangalia kitu kisichowezekana.

Ukuta wetu una urefu wa mita nne, nao umesukwa kwa nyuzi za plastiki angavu, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Nyutroni ikigonga uzi, hutoka cheche ya nuru. Nuru hiyo hukimbilia pande zote mbili, na kila mwisho wa uzi kuna jicho linaloingoja, moja mashariki na moja magharibi. Ikifika magharibi kwanza, basi cheche ilitokea karibu na magharibi. Ikifika kote kwa pamoja, ilitokea katikati. Kazi yangu yote ni kupima tofauti hiyo ya kufika, na tofauti hiyo ni nanosekunde, vipande vya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Ndani ya nanosekunde moja nuru katika uzi hutembea shubiri moja isiyotimia.

Hata benchi likiwa tupu, ukuta haulali. Chembe za kutoka angani huupiga mchana kutwa, zikitapakaa sawasawa toka mwisho hadi mwisho kama mvua juu ya bati. Mtu akizichora, anapata umbo la ukuta wenyewe: linaanzia unapoanzia na kuishia unapoishia. Mchoro wangu wa siku aliyokamatwa mwalimu ulianzia nusu mita kabla ya mwisho wa magharibi, ndani ya nguzo ya zege. Upande wa mashariki, nusu mita ya mwisho ilikuwa haina kitu.

Nguzo ya zege haitoi cheche. Kuna mtu alikuwa ameusogeza ukuta wangu bila kuugusa, na jina la kwanza lililonijia ni la Mapunda. Kituo chetu kilikuwa kimekaa miezi minane bila kukamata hata nzi. Makao makuu walikuwa wameleta barua kuuliza kinaendelea kuwepo kwa kazi gani, na barua ilipofika tu, wiki hiyohiyo, mwalimu akaangukia mikononi mwetu. Mbali na mimi, ni Mapunda peke yake mwenye nywila ya faili la muda, lile lenye namba zinazouongoza ukuta.

*

Chumba cha mahabusu tunakiita chumba cha nta, kwa sababu kuta zake zimejazwa nta kuzuia nyutroni. Kina harufu ya kanisa lisilo na watu. Mwalimu Osia alikuwa amekaa kwenye godoro, tai bado iko shingoni, anasahihisha mitihani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, na alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Wewe ndiye mwenye mashine?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nafundisha hisabati. Naomba nikuulize swali moja, maana wenzako hawakulielewa. Mmeandika nilikuwa kiti cha nne. Plasi au mainasi ngapi?"

Nilifunga mlango nyuma yangu.

"Kila kipimo kina plasi mainasi yake," akaendelea. "Hata mtoto wa kidato cha kwanza akipima urefu wa dawati, namdai. Ninyi mnampa mtu miaka kumi na miwili kwa namba isiyo na plasi wala mainasi?"

"Ulimwona aliyekaa karibu nawe?"

"Nilikuwa nasahihisha. Nilisikia taa inalia, nikainua kichwa, nikakuta watu wote wananikimbia." Akaiweka kalamu chini. "Mke wangu nimemwambia nitarudi Ijumaa. Leo ni siku gani?"

Ilikuwa Ijumaa. Nilimwambia, na sikuipenda sauti yangu nilipokuwa nikisema. Hata hivyo nilitoka nikiwa bado namshuku. Mtu anayejua kuuliza swali zuri namna ile anajua pia kupanga uongo mzuri.

Nilirudi ofisini na kufungua kumbukumbu za faili la muda ili nimnase Mapunda. Nilitaka kuona nani alilifungua, lini, akabadilisha nini. Majibu yalikuja upesi. Mwezi mzima hakuna aliyeligusa ila mtu mmoja, kila Jumatatu saa mbili asubuhi, na mtu huyo ni Subilaga Mwaipopo.

Kila Jumatatu natakiwa kuusawazisha ukuta: naweka chanzo kidogo cha nyutroni cha majaribio kwenye kiti cha kwanza, cha nne na cha saba, naangalia kama ukuta unakiona kilipo, kisha natia saini. Lakini wiki nne zilizopita Idara ilikusanya vyanzo vyote nchini, na kwa bidii yao wakachukua hata hicho changu cha majaribio. Niliandika barua kuomba kingine na sikujibiwa. Kwa hiyo Jumatatu ya kwanza nilikopi namba za wiki iliyopita nikatia saini. Namba zilikuwa nzuri, hazikuwa na sababu ya kubadilika. Jumatatu ya pili nilifanya vilevile, na ya tatu, na ya nne. Vituo vyote vinafanya hivyo, na nilijua vinafanya hivyo.

Lakini kama namba hazikubadilishwa, basi kilichobadilika ni ukuta. Nikakumbuka radi.

*

Radi ilikuwa imepiga kituo karibu mwezi mmoja nyuma, siku chache baada ya chanzo kuchukuliwa, ikaunguza waya wa jicho la mashariki. Aliyeweka mpya ni Fundi Lwitiko, mtu wa Rungwe, aliyefunga umeme kwenye nyumba za watu miaka thelathini kabla Idara haijamwajiri. Nilimkuta anakula muhogo nyuma ya jengo, nikamwomba anipandishe darini.

Waya wa mashariki ulitoka ukutani, ukafuata boriti vizuri kabisa, na kabla ya kuingia kwenye sanduku la kupimia ukajikunja duara moja safi, pana kama sinia, lililofungwa kwa nyuzi sehemu tatu. Ilikuwa kazi nadhifu, mtu angeweza kuitundika sebuleni.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Akiba," alisema, na niliona ananishangaa. "Panya akila mwisho wa waya, unakata, unavuta kidogo, unaunga. Huna haja ya kubadilisha wote. Fundi asiyebakiza anamwachia mwenzake matatizo."

"Wa magharibi hauna."

"Ule walifunga watu wa kampuni." Alisema neno kampuni kama mtu anayetema mbegu. "Wale wanapima, wanakata, wanaondoka."

Niliukunjua nikaupima kwa futikamba. Mita moja na robo. Kwenye nyumba ya mtu, mita moja na robo ya ziada ni wema. Ndani ya waya ule, ishara hutumia nanosekunde tano kwa kila mita, kwa hiyo kila taarifa ya jicho la mashariki ilikuwa ikifika sandukuni imechelewa nanosekunde sita na kidogo, na ukuta ukadhani kila cheche imetokea magharibi zaidi ya ilipotokea. Nilipiga hesabu kwa kidole juu ya vumbi la boriti. Sentimita hamsini na tatu. Kiti kimoja cha benchi letu kina upana wa sentimita hamsini na tano.

Mwalimu alikaa kiti cha nne. Nyutroni zilitoka kiti cha tano.

"Nimeharibu?" Lwitiko akauliza kwa upole.

"Hapana, Fundi. Umefunga vizuri." Na ilikuwa kweli. Ningeusawazisha ukuta Jumatatu moja tu, hata kwa chembe za angani, duara lake lisingemdhuru mtu. Nilikuwa nimemsaka mwizi wa namba kituo kizima, kumbe nalala naye kitanda kimoja.

*

Picha za kamera za siku ile zilionyesha abiria watano waliokaa kuanzia kiti cha kwanza hadi cha tano. Cha sita na cha saba vilikuwa vitupu. Kwenye cha tano alikaa mwanamke wa miaka sitini hivi, kitenge cha bluu, kikapu mapajani kimejaa mishumaa mikubwa ya kanisani. Nilisimamisha picha hapo. Mishumaa ni nta, na nta hupunguza nguvu ya nyutroni. Kila mtu anaona mama wa kanisa. Mimi niliona mtu anayejua fizikia. Tiketi yake ilisema Enesi Namonje, kijiji cha Shilanga.

Ningeweza kumpigia Mapunda simu palepale. Sikupiga, kwa sababu bado nilimshuku kwa mazoea tu, na kwa sababu nilitaka kwanza kumwona huyo mwanamke kwa macho yangu. Niseme ukweli: nilitamani awe mwovu. Ingenirahisishia sana.

Nilipanda bodaboda kuelekea mlimani, na alasiri nikawa Shilanga. Waliponielekeza kwa Sista Enesi hawakuuliza namtakia nini. Walinitazama tumboni, wakanihurumia. Nilielewa nilipofika. Ghala la zamani la kahawa lilikuwa limepigwa chokaa, na ndani, kwenye vitanda vya kamba, walilala wanawake kumi na mmoja. Wengine walikuwa wazee, wengine hawajafika arobaini. Mmoja alikuwa anaimba polepole, bila sauti ya kutosha.

Enesi alikuwa ananawa mikono. Alikiona kitambulisho cha Idara shingoni mwangu, akaendelea kunawa.

"Umekuja na askari wangapi?"

"Peke yangu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Basi umekuja kuomba nini?"

Nikamwambia yote, ya radi, ya waya, ya saini zangu. Alisikiliza akifuta vidole kimoja kimoja. Alikuwa ameendesha mashine za mionzi miaka ishirini na sita, hadi Idara ilipozichukua. Alichobeba kilikuwa sindano mbili za kalifoniamu, metali inayotoa nyutroni, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Huwekwa kando ya uvimbe kwa muda uliopimwa, zikaunguza kilicho kibaya.

"Foleni ya hospitali iliyoruhusiwa ni miezi kumi na minne," alisema. "Saratani ya shingo ya kizazi haikai foleni. Hawa wote wamo kwenye orodha. Waliokuwa kabla yao nao walikuwa kwenye orodha."

"Na mwalimu?"

Hapo alikaa chini. "Niliiona taa ikimwakia. Nilijua ni yangu. Nilitoka getini na kikapu changu na sikugeuka nyuma."

"Ungeweza kusema."

"Ningeweza. Niliwahesabu hawa, nikanyamaza. Tangu siku ile namkumbuka kila usiku, lakini nimenyamaza." Alinyoosha mkono kuelekea vitandani. "Duru hii ya matibabu inaisha baada ya wiki tatu. Nipe hizo wiki tatu, kisha nitakuja mwenyewe kwa miguu yangu, na sindano mtazichukua."

"Mwalimu anaondoka kesho saa sita."

"Najua. Kwa hiyo usiniulize mimi cha kufanya, binti. Mimi nimeshaulizwa yangu, na jibu nililotoa umeliona."

Sijui kama angekuja. Mtu aliyemwacha mwenzake chini ya taa nyekundu mara moja anaweza kumwacha tena. Nilimwangalia yule aliyekuwa anaimba, nikaangalia pembeni. Nilikuwa na hasira naye, na hasira zaidi na nafsi yangu, maana bila mimi angekuwa ameshakamatwa, mwalimu yuko kwake, na wanawake hawa wamefunikwa shuka. Kosa langu lilikuwa limewaokoa na kumwangamiza yule, na sasa nilitakiwa kuchagua kwa makusudi kile nilichokwisha kufanya kwa uvivu.

*

Kesho yake asubuhi nilimtafuta Fundi Lwitiko kabla hajaanza kazi.

"Naomba uongeze duara jingine juu ya lile. Kipimo kilekile."

"Kwani moja halitoshi?"

"Halitoshi, Fundi."

Aliniangalia kwa jicho la mtu aliyeona wateja wa kila aina. Kisha akachukua koleo na kipande cha waya wa zamani chenye vumbi lake, akapanda.

Saa nne nilimkuta Mapunda mezani kwake. Ni mtu mnene, mtaratibu, mwenye tabia ya kuziba kalamu kabla ya kusikiliza. Nilimwekea karatasi mbele. Nilikuwa nimeandika kwamba ukuta haukusawazishwa kwa Jumatatu nne, kwamba saini zote nne ni za kughushi na ni zangu, na kwamba waya wa mashariki ulizidi.

Alisoma mara mbili. "Karatasi hii inaniambia ukuta ulikosea. Haisemi ulikosea kiasi gani."

"Inatosha kubatilisha kipimo."

"Kwa mwanasheria, labda. Kwangu ni mwanamke anayetaka kumtoa mwanamume mahabusu." Akaegemea kiti. "Nipe namba, Subilaga. Nikiwa na namba nitajua taa ilipaswa kuwaka wapi, nitamwita wa kiti hicho, na mwalimu ataenda kula kwake. Bila namba, gari linaondoka naye."

Hiyo ndiyo kona niliyoijua tangu Shilanga. Ningesema moja na robo, mwalimu angetoka na lori la Idara lingepanda mlimani kabla ya jioni. Ningekaa kimya, angepotea miaka kumi na miwili mtu ambaye kosa lake ni kukaa pale nilipomwachia namba ya jana.

"Mita mbili na nusu," nikasema. "Ni viti viwili. Taa ilipaswa kuwaka cha sita."

"Cha sita kilikuwa kitupu."

"Ndiyo, Mkuu. Ukuta ulishtaki kiti kitupu. Ukiweza kufanya hivyo, hakuna siku hata moja ya mwezi huu unayoweza kuiamini."

Kisha alivua viatu, akapanda darini na soksi zake, pumzi ikimtoka kwa kelele, na nikamsikia akiyagusa maduara. Aliporudi alikuwa na utando wa buibui begani. Alipiga simu makao makuu mbele yangu, akasoma karatasi yangu neno kwa neno, pamoja na jina langu.

*

Mwalimu Osia alitolewa saa tano na nusu. Alipita niliposimama kwenye korido nikiwa na askari mmoja kila upande, akasimama.

"Nimeambiwa saini zilikuwa nne," alisema.

"Nne."

"Zote umekopi?"

"Zote, Mwalimu."

Alitikisa kichwa. Nilingoja anitukane, na angekuwa na haki. "Ningekupa sifuri," alisema, kisha akakumbatia mitihani yake na kutembea kuelekea mlangoni, akiharakisha hatua kadiri alivyoukaribia.

Gari lililokuwa la kwake lilifika saa sita kamili. Kughushi usawazishaji wa lango ni kosa la jinai, na sikuwa na la kujitetea. Askari alinifungulia mlango wa nyuma, nikaingia. Mapunda alikuja na fomu ya makabidhiano, akaisaini, akamtuma askari akaigonge muhuri ofisini. Tukabaki wawili.

"Asubuhi saa tatu," alisema, akiangalia barabara, "kabla hujaja ofisini kwangu, nilifungua kumbukumbu za chembe za angani za siku aliyokamatwa yule mwalimu. Mimi si mhandisi, lakini kusoma mchoro najua. Umesogea nanosekunde sita."

Nilijivuta karibu na mlango.

"Maduara mawili yangetoa kumi na mbili," aliendelea, "na moja la juu halina hata vumbi la mwezi mmoja kwenye mafundo yake. Ni kiti cha tano, Subilaga. Jina la aliyekaa cha tano ninalo kwenye orodha ya tiketi."

"Umempelekea nani?"

Aliziba kalamu yake, akaitia mfukoni. "Kumbukumbu za angani hujifuta zenyewe baada ya siku thelathini. Zimebaki ishirini na sita." Enesi aliomba ishirini na moja.

"Kwa nini unaniambia?"

Askari alikuwa anarudi na fomu. Mapunda aliupokea mlango kwa mkono wake mwenyewe, akaufunga taratibu, na kioo kikatutenganisha. Nilimchunguza uso nione huruma, au tamaa, au woga wa mtu anayelinda kituo chake, na sikuona chochote ambacho ningeweza kukitia saini. Gari liliondoka, nami nikaanza siku ishirini na sita za kumshuku.